Vyombo vya Kulishia Ndama: Namna ya Kuchagua, Kuosha na Kuvitunza

Ndama akianza kuhara, wa kwanza kulaumiwa ni maziwa. Yalikuwa mengi, yalikuwa ya baridi, au ya ng'ombe fulani hayamkubali. Chupa iliyomlisha inaning'inia pale ukutani, imesuuzwa juu juu, na hakuna anayehangaika kuichomoa chuchu yake atazame ndani. Ichomoe. Igeuze nje ndani, uinuse, kisha upitishe kidole. Ukisikia harufu ya maziwa yaliyochacha, au kidole kikateleza kwenye utando usiouona kwa macho, umeshapata mshukiwa mmoja kabla hata ya kumpigia simu daktari wa mifugo.

Mwongozo huu ni kwa mwenye ndama mmoja na kwa mwenye hamsini. Nauandika nikiwa na msimamo mmoja: kifaa kizuri ni kile ambacho brashi, mkono na jicho vinafika kila kona yake. Kikishindwa hapo, hata kiwe cha kisasa namna gani, usikinunue.

Kabla ya kununua: elewa maziwa yanapita wapi

Ng'ombe ana matumbo manne, lakini ndama mchanga anaishi kwa tumbo la nne. Lile la kwanza, ambalo baadaye litakuwa kubwa na kuchachusha majani, bado ni dogo na halijaanza kazi. Ndama anaponyonya, mfereji ulio mwishoni mwa umio hujikunja na kufunga, maziwa yakapita moja kwa moja hadi tumbo la nne, yakagandishwa na kumeng'enywa. Mfereji usipofunga vizuri, maziwa huangukia tumbo la kwanza na kuchachia humo. Ndama huyo utamwona tumbo limejaa upande wa kushoto, hana raha, na kinyesi chake kinabadilika.

Kinachofanya mfereji ufunge ni kunyonya kwenyewe, utulivu, kulishwa kwa saa zilezile kila siku, na maziwa yenye joto linalokaribia la mwili wa ng'ombe. Kwa hiyo kifaa unachokitafuta ni kile kinachomwachia ndama anyonye kwa mwendo wake, kichwa kikiwa mahali pake, na kisichoyapooza maziwa kabla hajamaliza. Kunyonya pia humtoa mate mengi, na mate hayo husaidia mmeng'enyo. Ndama anayegugumia kutoka kwenye ndoo anakosa sehemu kubwa ya faida hiyo.

Hatua ya 1: Amua kati ya chupa, ndoo yenye chuchu na ndoo ya wazi

Chupa inafaa siku za mwanzo na inafaa kwa ndama wachache. Unamwona kila ndama anavyonyonya, unajua nani amebakiza, unagundua aliyezubaa mapema. Nyingi huchukua lita 2 hivi. Chagua yenye mdomo mpana unaopitisha brashi bila kulazimisha, isiyo na mpini wenye uwazi ndani. Mpini wa namna hiyo hujaza maziwa kila unapoinamisha chupa, na hakuna brashi inayoufikia. Plastiki iwe inayopitisha mwanga, ili ukiielekeza juani uone alama ya ukungu ndani.

Vipimo vilivyochorwa ubavuni usiviamini kwa sababu tu vimechorwa. Pima lita moja ya maji kwa jagi unalolijua, mimina, uone maji yanaishia wapi. Zikipishana, tia alama yako mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika.

Ndoo yenye chuchu hupunguza kazi ndama wakiwa wengi: unaitundika, unaendelea na mwingine. Shida yake ni vali. Ndoo nyingi zina kijipira au kijiplastiki kinachozuia maziwa yasirudi nyuma, na hapo ndipo uchafu unapojificha. Kabla ya kununua, ifungue vali pale pale dukani na uifunge tena. Ikikushinda ukiwa umetulia na mikono mikavu, alfajiri kwenye banda hutaifungua kabisa, na baada ya wiki moja utaacha kujisumbua.

Ndoo ya wazi ndiyo rahisi kuliko zote kuosha, na kwa kigezo changu ilipaswa kushinda. Haishindi kwa sababu ndama hunywa haraka mno, mara nyingi anamaliza kwa dakika moja au mbili, kichwa kikiwa chini, bila kunyonya. Wapo wanaokuza ndama wazuri kwa ndoo za wazi miaka yote. Ndama aliyefundishwa vizuri na aliyetulia anaweza kuufunga mfereji wake hata akinywa hivyo. Ila ndama wanaolishwa kwa ndoo ya wazi ndio hasa utakaowakuta wakinyonyana masikio na vitovu baada ya kula, kwani hamu ya kunyonya haikutimizwa. Ukiitumia, mfundishe ndama kwa vidole viwili vilivyooshwa, akivinyonya mshushe taratibu hadi kwenye maziwa, kisha vitoe vidole. Usikizamishe kichwa chake kwa nguvu.

Kuhusu malighafi: chuma cha pua hudumu, hakina vinyweleo na hustahimili maji ya moto. Plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula ni sawa, mradi isikwaruzwe. Alumini hushambuliwa na sabuni kali zenye alkali, ikachimbika vishimo. Ndoo au dumu lililowahi kubeba dawa ya kuua wadudu, mafuta ya injini au kemikali yoyote lisifike karibu na ndama, hata ungeliosha mara ngapi.

Hatua ya 2: Chuchu ichaguliwe kwa makini kuliko chombo chake

Kama una pesa kidogo za kuongeza, ziweke hapa. Chuchu ndiyo inayoamua mwendo wa maziwa, na mwendo wa maziwa ndio unaoamua kama yataenda tumboni au mapafuni.

Jaribio ni rahisi. Jaza chupa maziwa au maji ya uvuguvugu, funga chuchu, pindua chupa. Yanapaswa kudondoka tone tone, au yasitoke kabisa mpaka uibonyeze. Yakitiririka kwa mstari usiokatika, tundu ni kubwa. Ndama atayapokea haraka kuliko anavyoweza kumeza, atakohoa, maziwa yatamtoka puani, na mengine yataingia kwenye njia ya hewa. Nimonia inayotokana na maziwa kuingia mapafuni ni ngumu kutibu, na mara nyingi huanza na mtu aliyepanua tundu kwa kisu moto kwa sababu "ndama anachelewa kumaliza". Kuchelewa ndiko tunakokutaka. Dakika kadhaa za kunyonya kwa bidii, povu jeupe likijikusanya pembeni mwa midomo na mkia ukitikisika, ndiyo picha ya ndama anayekula inavyotakiwa.

Tundu liwe la mkato wa msalaba au mstari, ambao hufunguka ndama anapobana na kujifunga anapoachia. Mpira uwe laini kiasi cha kubanwa kwa vidole viwili bila taabu, na urudi kwenye umbo lake ukiachiwa. Wa rangi ya kahawia uliotokana na utomvu wa mpira huwa laini na ndama huupokea upesi, lakini mafuta ya maziwa, jua na klorini huula. Wa silikoni huvumilia joto na dawa zaidi, ila ukishang'atwa ukachanika mpasuko huendelea.

Nunua chuchu ya akiba kwa kila chuchu inayotumika. Iweke mpya moja kando, bila kuitumia, iwe ya kulinganishia. Chuchu huchakaa polepole hivi kwamba anayeishika kila siku haoni. Ukiiweka ya zamani pembeni mwa ile mpya, tofauti inajitokeza yenyewe.

Urefu wa kutundika: kwa ndama wachanga, chuchu ikae kama sentimita 60 kutoka mahali kwato zinapokanyaga, ielekee chini kidogo, ili ndama anyooshe shingo mbele na juu kidogo kama anavyofanya chini ya mama yake. Pima kutoka juu ya matandazo, maana majani yakiongezwa kwa wiki kadhaa sakafu hupanda na chuchu uliyoipima vizuri inakuwa chini. Unapomlisha kwa chupa mkononi, usiinue mkono hadi pua ikatazama angani.

Ndama wakiwa kundini, kila mmoja awe na chuchu yake, na ikiwezekana pawe na kizuizi kati ya kichwa na kichwa. Baada ya maziwa kwisha usikimbilie kuondoa ndoo. Waache wanyonye chuchu tupu dakika chache. Kunyonyana kunapungua sana.

Hatua ya 3: Mrija wa kulishia uwe tayari, lakini usiwe mazoea

Mrija unaopita mdomoni hadi kwenye umio ni wa dharura: ndama mchanga aliyekataa kunyonya dang'a (maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa), au anayehara na anahitaji maji yenye chumvichumvi. Kwa kuwa hanyonyi, mfereji haufungi na kinywaji huangukia tumbo la kwanza. Kwa dang'a ya siku ya kwanza hilo si tatizo kubwa, kwani kiasi cha kutosha huendelea hadi mbele. Kumlisha ndama maziwa kwa mrija siku baada ya siku ni kutafuta matatizo.

Nunua wenye kirungu laini mwishoni, usio na ncha wala mshono unaokwaruza. Pitisha ulimi wako wa kidole, yaani ile nyama laini ya ncha ya kidole, kuzunguka kirungu kila kabla ya kutumia. Alama ndogo ya jino inatosha kuchana koo. Mrija mgumu ni rahisi kuongoza, wa kunyumbuka ni mpole zaidi. Ukiwa mgeni wa kazi hii, mwombe daktari wa mifugo akuonyeshe kwa mkono mara ya kwanza, kisha fuata utaratibu huu:

1. Pima mrija kwa nje, kutoka ncha ya pua hadi kiwiko cha mguu wa mbele, utie alama kwa utepe. Hapo ndipo mwisho wa kuingiza.
2. Ndama asimame, au alale kifudifudi kifua kikiwa chini na kichwa kimeinuliwa. Aliyelala ubavu usimtie mrija.
3. Lowanisha kirungu kwa maji ya uvuguvugu, kipitishe juu ya ulimi, usubiri ameze. Kichwa kisinyooshwe juu. Pua ikae chini kidogo ya masikio.
4. Papasa shingo. Lazima usikie mirija miwili: koo la hewa lenye pete ngumu, na mrija wako kando yake. Ukisikia mmoja tu, au ndama akikohoa, vuta utoe uanze upya. Maziwa yasishuke kabla hujajiridhisha na hili.
5. Inua mfuko juu, yateremke yenyewe. Usiukamue.
6. Kikiisha, kunja mrija au uubane kabla ya kuuvuta, matone ya mwisho yasimwagikie njia ya hewa.

Iwe miwili, na isibadilishane kazi: mmoja wa dang'a kwa wachanga, mwingine wa wagonjwa. Ifunge utepe wa rangi tofauti. Mrija uliotoka kwa ndama anayehara ukaenda kwa aliyezaliwa usiku huo unabeba ugonjwa hadi kwa mnyama asiye na kinga yoyote.

Hatua ya 4: Vifaa vya dang'a

Ndama huzaliwa bila kinga ya kutosha mwilini. Anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake huipitisha kinga hiyo kwa takriban saa 24 tu, ukipungua uwezo kila saa inayopita. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni asilimia 10 ya uzito wake, mapema iwezekanavyo, saa mbili za kwanza zikiwa bora. Ndama wa kilo 40 anapata lita 4. Bakteria walioingia kwenye dang'a kupitia ndoo chafu huiharibu mara mbili: wanamwambukiza, na wanazuia kinga isipite. Bakteria hao katika dang'a yenye uvuguvugu wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo ndoo iliyoachwa sakafuni wakati unashughulika na kondo la nyuma si jambo dogo.

Unachohitaji ni ndoo ya kukamulia yenye mfuniko, chupa au mifuko bapa ya lita 1 hadi 2 ya kuhifadhia, kipimajoto, na ukiweza kipimo cha Brix, kifaa kidogo cha kupimia ubora wa dang'a. Tone moja juu ya kioo chake linakuambia: 22 kwenda juu ni dang'a nzuri, chini ya hapo mpe ile bora uliyohifadhi. Katika jokofu la nyuzi 4 za Selsiasi isikae zaidi ya siku moja au mbili. Iliyogandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri hukaa hadi mwaka. Mifuko bapa huyeyuka upesi. Yeyusha kwa maji yasiyozidi nyuzi 50, kwani joto kali huivunja kinga yenyewe.

Hatua ya 5: Vya kupimia

Maziwa yamfikie ndama yakiwa nyuzi 38 hadi 40. Kipimajoto cha chakula ni kitu kidogo, lakini kinamaliza ubishi wote wa kupima kwa kiwiko. Kwa wanaotumia maziwa ya unga ya ndama, nunua mizani. Kopo linalokuja na mfuko hupima ujazo, na unga ulioshindiliwa si sawa na unga uliopepetwa. Watu wawili kwa kopo lilelile wanatoa maziwa mawili. Pima kwa gramu kama mfuko unavyoagiza, changanya kwa kipigio cha chuma kama cha mayai, kinachooshika, si kwa mti uliookotwa, mpaka usione vidonge.

Hatua ya 6: Ndoo ya maji na hori la chakula kikavu

Maziwa hayaingii tumbo la kwanza, kwa hiyo hayasaidii kuliamsha. Maji ya kunywa ndiyo yanayoingia huko na kuwawezesha bakteria wanaochachusha nafaka. Ndama anayelishwa lita nyingi za maziwa bado anahitaji ndoo ya maji kuanzia siku za mwanzo, ibadilishwe kila siku.

Tenganisha maji na chakula. Vikikaa bega kwa bega, ndama hutoa mdomo kwenye chakula akatumbukiza kwenye maji, akarudisha matone kwenye chakula. Jioni una uji mchachu huku na maji ya pumba kule, na havionji tena. Weka ubao kati yake, au kimoja upande mmoja wa lango na kingine upande wa pili. Hori la chakula liwe la kina kifupi, lisilo na kona, na uweke konzi moja ya chakula kipya kila siku badala ya kulijaza likavunda. Vishikio vya ndoo visiwe na waya uliochomoza, na chombo kisikae chini kiasi cha kufikiwa na kinyesi.

Mashine za kulisha zenyewe hazina nafasi kubwa hapa. Zinapunguza kazi ya kubeba ndoo, hazipunguzi kazi ya kuosha: mabomba yake ni marefu, yana uvuguvugu na sukari ya maziwa, na hayaonekani ndani. Mwenye nayo afuate ratiba ya mtengenezaji bila kuruka siku, apime mara kwa mara kama gramu na joto vinatoka jinsi vilivyoandikwa, na abadilishe mabomba kabla hayajanuka.

Hatua ya 7: Kuosha, kila baada ya mlo

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema: wanaanza na maji ya moto. Protini ya maziwa ikikutana na joto kali hushikamana na ukuta wa chombo, na juu yake hujengeka utando ambamo bakteria hujikinga na dawa. Maji ya baridi nayo hugandisha mafuta. Kwa hiyo mwanzo ni uvuguvugu.

Suuza kwanza kwa maji ya nyuzi 35 hadi 40 mpaka yatoke maangavu bila ukungu wa maziwa. Fungua kila kinachofunguka: chuchu, vali, pete za mpira, mfuniko.

Kisha osha kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi, na sabuni yenye alkali ya vyombo vya maziwa kwa kipimo cha kifungashio. Sugua kwa brashi. Kuloweka peke yake hakuondoi utando. Brashi ya chupa iwe ya chupa, ndogo ya chuchu iwe ya chuchu, na steelwool usiiguse plastiki, kwani kila mchubuko ni makazi mapya. Maji yakipoa chini ya nyuzi 50 au hivyo, mafuta uliyoyatoa yanaanza kurudi kwenye chombo, badilisha maji.

Huna heater? Changanya sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya kawaida ya nyuzi 20, unapata karibu nyuzi 60. Sehemu moja ya yanayochemka kwa tatu za kawaida inakupa karibu 40 za kusuuzia. Andaa kidogo kidogo, maana ndoo wazi hupoa haraka. Vaa glavu ndefu.

Suuza tena, na umalize kwa asidi ya vyombo vya maziwa iliyochanganywa kama ilivyoelekezwa. Asidi huyeyusha ukoko mweupe wa madini ambao sabuni haiuwezi, na huacha uso usiopendwa na bakteria. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Na asidi isikutane na klorini hata kwa bahati mbaya: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Viweke kwenye rafu tofauti.

Mwisho ni kukausha, na kama ningelazimika kuchagua hatua moja ambayo watu wanaidharau kuliko nyingine, ningetaja hii. Pindua chombo kwenye kichanja chenye hewa inayopita chini na juu. Usikilaze kifudifudi kwenye saruji. Kitabaki na unyevu ndani na kitavuta uchafu wa sakafu. Ndoo usizipachike moja ndani ya nyingine zingali mbichi. Jua ni zuri kwa ndoo na chupa, ila chuchu zikaushe kivulini penye upepo, zisipasuke.

Kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, kinachoharisha ndama wa wiki moja hadi tatu, hakifi kwa klorini ya kiwango cha kawaida. Joto na ukavu kamili ndivyo vinavyokimaliza. Kinaambukiza watu pia, kwa hiyo vyombo vya ndama visioshwe kwenye beseni la vyombo vya nyumbani, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Ukipenda kutakasa kwa klorini kabla ya mlo unaofuata, fanya hivyo karibu na saa ya kulisha na kwenye chombo kilichokwisha kuwa safi. Klorini iliyomiminwa juu ya mabaki ya maziwa huishia kupambana na maziwa.

Hatua ya 8: Mpangilio wa kulisha na ukaguzi

Lisha kuanzia mdogo kwenda mkubwa, wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Vyombo vya wagonjwa viwe na rangi yake na vioshwe mwisho, kwa brashi yake. Ukiweza, kila ndama awe na ndoo na chuchu yenye namba ya kizimba chake, zisihamehame.

Mara moja kwa wiki chukua tochi. Pitisha ukucha ndani ya ndoo: ukikwama kwenye mikwaruzo au ukitoka na weupe wa kung'ang'ania, chombo kinahitaji asidi au kustaafu. Bonyeza kila chuchu ukilinganisha na ile mpya uliyoitenga. Iliyonata, iliyovimba, iliyopasuka mzizini au inayotiririsha ikipinduliwa, itupe siku hiyohiyo; usiiweke "ya dharura", kwa sababu dharura itakuja. Kirungu cha mrija kikiwa na alama ya jino, nacho kitupe. Fungua vali zote, hata zile ambazo hazijaleta shida.

Ishara za ndama mwenyewe ukizisoma vizuri zinakuelekeza kwenye kifaa:

Anakohoa akinyonya, au maziwa yanatoka puani: tundu kubwa, au chuchu iko juu mno.

Ananyonya muda mrefu, anagonga ndoo kwa kichwa, anachoka: tundu limeziba kwa mabonge ya unga, au chupa haipitishi hewa ndani. Legeza mfuniko kidogo uone.

Anatafuna badala ya kunyonya: mpira mgumu, au chuchu ndefu mno kwa mdomo wake.

Tumbo linajaa hewa baada ya mlo: kagua joto la maziwa, uzito wa unga, saa za kulisha na mwendo wa chuchu. Likivimba kwa haraka, ni kazi ya daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Ndama wawili watatu mfululizo wanahara wakifika umri uleule: usianze kubadilisha maziwa. Fungua vyombo vyote, tazama vali, nusa chuchu, angalia kama vilikauka jana usiku. Wakihara ndani ya siku tano za kwanza, rudi hadi ndoo ya dang'a na mrija wake. Anayehara huku amelegea, macho yamezama, au hataki kunyonya, apewe maji ya chumvichumvi na daktari aitwe. Uchunguzi wa vyombo uendelee huku ndama akihudumiwa.

Bandika utaratibu wa kuosha ukutani penye bomba, kwa maandishi makubwa, pamoja na vipimo vya sabuni na asidi kwa ndoo unayoitumia hasa, ili anayekupokea zamu asihitaji kukisia.